Malalamiko: ramani ndogo imeninyima urani niliyoilipia

Songea, Ruvuma

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUKOSEKANA KWA MADINI ADIMU KWENYE RAMANI NDOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu mwaka juzi nilipoinunua gemu yenu ya kujenga dola. Mwezi uliopita nikaongeza na ile nyongeza ya zama za nyuklia, shilingi 45,000. Siandiki kwa nia ya kutukana. Gemu ni nzuri, na ingekuwa mbaya ningeifuta kimyakimya nikaendelea na maisha.

Jumamosi mbili zilizopita tulikaa na shemeji yangu kuanzia saa tatu asubuhi. Tulichagua ramani ndogo kabisa, ya vigae (yaani vile vipande vinavyounda ramani) 40 kwa 25, kwa sababu laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na menyu yenu yenyewe inashauri ukubwa huo kwa kompyuta zenye uwezo mdogo. Inasema hivyo tu, haina onyo lingine. Tulicheza mpaka adhana ya magharibi. Zamu ya 287 nikamaliza utafiti wa nyuklia, na kama mnavyojua, urani haionekani kwenye ramani mpaka utafiti huo ukamilike. Nikabonyeza kitufe cha kuonyesha rasilimali. Farasi wakatokea, chuma kikatokea, makaa ya mawe yakatokea, hata mafuta yalikuwepo baharini. Nikaisogeza ramani toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye nyasi. Urani hakuna. Nikajua basi iko kwa shemeji, nikachungulia upande wake. Naye alikuwa anachungulia wangu.

Nikasema ni bahati mbaya ya siku moja. Wiki iliyofuata, kila nikitoka kazini, nilifungua kihariri chenu cha ramani nikatengeneza ramani kumi za ukubwa uleule na kumi za ukubwa wa kati, 80 kwa 50. Kati ya zile ndogo, saba hazikuwa na chimbo la urani hata moja. Za kati zote zilikuwa nayo, na iliyopata kidogo kuliko zote ilipata machimbo matatu.

Mimi si mtaalamu wa programu, lakini kuzidisha najua. Ramani ndogo ina vigae 1,000, ya kati ina 4,000, na katika zote mbili zaidi ya nusu ni maji. Urani yenu nimeiona jangwani na kwenye theluji tu. Sasa kwenye ramani ndogo theluji ni safu moja juu na safu moja chini, na sehemu kubwa ya safu hizo ni barafu juu ya bahari. Mahali pa kuiweka panakuwa pachache mno, na ikiwa hesabu ya mgawo inatoa nusu chimbo, naona kinachobaki ni sifuri. Ngano na samaki havionyeshi tatizo hili kwa kuwa vimejaa tele: ukivipunguza kwa robo tatu, watu bado wanakula. Urani ukiipunguza kwa robo tatu, imekwisha.

Na mahitaji je? Hayakuguswa. Kinu kimoja cha nyuklia kinadai urani mbili, dola iwe na miji minne au ishirini. Mmepunguza ghala mkaacha njaa vilevile.

Nilipowaandikia kupitia fomu iliyomo ndani ya gemu nilijibiwa mstari mmoja: chagua ramani kubwa zaidi. Nimechagua. Kufika zamu ya 150 kompyuta inachukua dakika sita kumaliza zamu za wapinzani. Naenda jikoni, nabandika chai, inachemka, naichuja, narudi na kikombe, bado. Feni inavuma kama mashine ya kusaga. Zamu ya 287 kwenye ramani hiyo sijawahi kuiona. Kwa maneno mengine, mwenye mashine kubwa amenunua gemu nzima, mimi nimenunua iliyokatwa mwisho wake, na bei tumelipa ileile.

Shemeji anasema sisi tumerogwa: wilaya ya jirani, Namtumbo, kuna urani ya kweli kule Mto Mkuju, halafu kwenye dunia ya kutunga tunaikosa.

Msiseme haiwezekani. Age of Empires II, nayo gemu ya kujenga dola, ilitoka mwaka 1999. Ramani yake ndogo kabisa ilikuwa vigae 120 kwa 120, na kubwa kabisa 240 kwa 240, yaani eneo mara nne, tofauti ileile ya zenu mbili. Lakini kwenye ramani zake za kawaida kila mchezaji anaanza na dhahabu na mawe karibu na mji wake, ramani iwe ndogo iwe kubwa, na akiishiwa dhahabu kuna soko. Factorio, gemu ya kujenga viwanda, nayo haiweki urani kwenye eneo la kuanzia, ila kabla hujaanza inakupa mipangilio ya kila madini peke yake: yatokee mara ngapi, chimbo liwe kubwa kiasi gani, liwe na utajiri kiasi gani. Ukikosa, umejikosesha mwenyewe.

Naomba programu ihakikishe kwanza idadi fulani ya machimbo ya kila madini ya lazima kulingana na wachezaji, ndipo igawe mengine kwa ukubwa wa eneo. Hata likiwa chimbo moja la kugombania, tutagombana. Marekebisho yakichelewa, andikeni pale kwenye menyu kwamba ramani ndogo inaweza kukosa urani. Ni sentensi moja. Na shilingi 45,000 za nyongeza ya nyuklia naomba nirudishiwe, maana kwenye kompyuta yangu sina pa kuitumia. Gemu yenyewe nabaki nayo.

Nimeambatisha mafaili ya zile ramani saba pamoja na namba zake za mbegu, zile ambazo programu huzitumia kuizalisha tena ramani ileile, ili fundi wenu azifungue mwenyewe asije akasema kwake urani inatokea. Jibu nalisubiri, na safari hii tafadhali lizidi mstari mmoja.

Wenu,
Mteja, Songea