Ukubwa wa taifa sio mabomu tu

Mhariri, nimesoma ripoti yenu ya mataifa makubwa duniani, mmehesabu vifaru na nyuklia weee ila pesa hamjaigusa kabisa. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa waliingia Suez, kule kwenye mfereji wa Misri, na jeshi la maana, lakini Marekani akagoma kuisaidia pauni, pesa ya Muingereza, iliyokuwa inayumba na Muingereza ikabidi afungashe virago, bila Mmarekani kufyatua risasi hata moja.

Hata hapa Moshi, kahawa wanaipalilia mama zetu kule Kibosho ila mnadani bei imetajwa kwa dola miaka mingi, hiyo ndo nguvu yenyewe sasa. Naomba mtuwekee ukurasa wa uchumi kila wiki, Kiswahili cha kawaida tu, muanze na jinsi soko la New York linavyoamua bei ya kahawa yetu.

Mkulima, Moshi