Nyumba hii haikodishwi

Mhariri,

Ninasimamia nyumba moja hapa Diani. Zamani ilikuwa ikikodishwa kwa wageni. Siku hizi mwenyewe amestaafu na anaishi humo na mkewe. Jumamosi moja ya Disemba iliyopita, baada ya isha, tuktuk mbili zilisimama getini. Wakashuka baba, mama, bibi mwenye mkongojo na watoto wanne, mmoja kashajivalisha boya la kuogelea kiunoni. Walikuwa wametoka Nairobi kwa treni, wakavuka Likoni, na arubuni ya shilingi 18,000 walishatuma.

Baba akanionyesha picha kwenye simu. Ni nyumba yetu kweli, ila kando ya bwawa mkungu bado umesimama. Mti ule niliukata mwenyewe mwaka juzi. Kisiki chake ndicho ninachowekea ndoo. Tulipompigia huyo “mwenye nyumba”, simu ilikuwa imezimwa. Hiyo ilikuwa familia ya tatu msimu ule.

Husemwa kwamba wanaolizwa hivi wameponzwa na tamaa ya vya rahisi. Sikubali. Bei waliyotajiwa ilipungua kidogo tu kuliko za majirani zetu, na tapeli alikuwa mpole, hata akauliza kama bibi anaweza kupanda ngazi. Haraka ilikuja mwishoni: kuna mgeni mwingine anazitaka siku hizo hizo, tuma sasa hivi. Jina lililojitokeza kwenye M-Pesa halikuwa la mtu waliyekuwa wakiongea naye. Baba aliuliza, akajibiwa ni la mhasibu, naye akaona aibu kuendelea kuhoji. Ndugu zangu wa bara, hojini! Na anayetoa namba ya till, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa, naye ahojiwe, maana till si hirizi.

Mazungumzo yenyewe yalianzia kwenye mtandao wa kukodisha nyumba, kisha wakahamishiwa WhatsApp “tukwepe makato”. Mtandao kama Airbnb humlipa mwenye nyumba takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia, kwa hiyo ukilipia humo humo, una pa kulalamikia ukikuta mlango si wako. Ukihama, umebaki na neno la mtu usiyemjua.

Mimi ningemtaka mwenye nyumba anipigie simu ya video, atembee kutoka getini hadi jikoni, afungue bomba la maji. Aliye na funguo hashindwi. Au mtume binamu aliyeko Ukunda. Nauli ya boda ni ndogo kuliko arubuni yoyote.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute ujumbe hata mmoja. Namba ya tapeli aitume Safaricom kwa 333, kisha aende polisi siku hiyo hiyo. Ile 456 ya kurudisha pesa ijaribiwe pia, ingawa tapeli hazilazi kwenye simu.

Usiku ule mzee aliwapa vyumba viwili, watoto wakalala mkekani. Nasi tumebandika kibao getini: “Nyumba hii haikodishwi.” Shida ni kwamba wanaokisoma huwa wameshalipa, ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri, kabla shule hazijafungwa.

Msimamizi wa nyumba,
Diani, Kwale