Pikapu iliyolala si lazima stata imekufa

Mhariri,

Hilux yangu ya dizeli ililala miezi minne hapa Makambako baada ya mahindi kwisha. Kuiwasha: tak, tak, kimya. Fundi wa kwanza, bila hata kupima, akaniambia ninunue stata mpya, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Kumbe betri ilisoma volti 11.4, wakati iliyojaa husoma kama 12.6, na vichwa vyake vimeota kutu ya kijani! Nikavisugua kwa brashi ya waya, betri nikaipeleka chaji. Stata ikazunguka vizuri, injini ikagoma: hewa kwenye dizeli. Ili kuitoa hewa hiyo, nikabonyeza pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli hadi pampu ikawa ngumu. Ikawaka, moshi mwingi, kuku wakakimbia. Stata ni ileile.

Mkulima, Makambako