Barua kwa Nekesa kuhusu cheti cha stima

Kisumu, Jumapili jioni

Nekesa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumai wewe na watoto mko salama, na baridi ya Nakuru haijawazidi.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Mkandarasi anataka karatasi, wewe umevuta waya Kaptembwo na Free Area miaka kumi na mmoja bila cheti hata kimoja, na sasa unawaza kuacha kazi uingie chuo. Usiache. Utalipa karo ufundishwe mambo ambayo vidole vyako vinayajua, na yale machache usiyoyajua yatakuja mwishoni, pesa zikiwa zimeisha.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mtihani wa madaraja wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: daraja la tatu ndilo la kuanzia, la kwanza ndilo la juu. Hapo unapewa kazi, unawekewa saa, unajibu na maswali ya nadharia. Ya pili ni kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, chini ya mfumo wa KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma. Wapimaji hukagua ushahidi wa kazi ulizofanya, hukuhoji, hukutazama ukifanya, kisha huamua kama umefikia umahiri au bado. Kwako wewe ningeanza na NITA, kwa sababu wakandarasi wameuzoea mtihani huo na hawatakuuliza ni kitu gani. Kituo chao kimoja kiko hapa Kisumu, na kwangu kuna kitanda. Lipa kwa njia rasmi tu na uweke risiti. Yule kijana wa stendi anayeuza “Grade” kwa siku mbili mpite kama humwoni. Cheti huulizwa kilikotoka, na namba ya uongo haijibu.

Sasa niseme kinachowaangusha mafundi wa mtaani, maana si kuunganisha. Mtaani mtu hufundishwa kuunganisha hadi taa iwake, basi. Kupima hafundishwi. Chukua ringi ya soketi: waya wa milimita mraba 2.5 unatoka kwenye breka ya ampea 32, unazunguka soketi zote na kurudi pale pale. Ikikatika katikati, kila soketi itafanya kazi kama kawaida, mwenye nyumba atakulipa na kukuombea baraka. Lakini sasa kila kipande cha ule waya kinabeba mzigo wake kwa upande mmoja tu, na waya mmoja peke yake haukukusudiwa ampea 32. Breka haitaruka, na waya unaweza kuchemka ndani ya ukuta. Testa ya bisibisi haikuonyeshi hilo hata kidogo. Lazima uzime, utoe ncha mbili za laivu (waya unaoleta umeme) kwenye bodi ya breka, upime kati yao kwa mita, halafu ufanye hivyo kwa nyutro (waya wa kurudisha) na kwa athi (waya wa ardhini). Mita ikikuambia njia haipo, ringi imekatika.

Insulesheni, yaani plastiki inayozuia umeme kuvuja kutoka kwenye waya, nayo hupimwa kwa volti 500 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), umeme ukiwa umezimwa, balbu zimetolewa, na vifaa vyote vya kielektroniki vimechomolewa. Ukisahau chaja ukutani utaiua, au itakupa namba ya uongo. Kipimo kisishuke chini ya megaomu 1, na nyumba mpya iliyokauka hutoa namba kubwa zaidi ya hapo. Plasta ikiwa bado mbichi kipimo huwa kidogo. Usikimbilie kufumua waya, subiri ukuta ukauke upime tena. Halafu polariti, yaani kila waya uwe mahali pake: swichi ikate laivu. Ikikata nyutro taa itazimika vizuri kabisa, na atakayebadilisha balbu anaweza kushika umeme.

Makosa mengine ni madogo ila mpimaji huyaona akiwa mlangoni: shaba kuchungulia nje ya skrubu, skrubu kubana plastiki badala ya shaba, waya wa athi kukatwa mfupi, waya za rangi za zamani na za mpya kuchanganywa kwenye bodi bila alama. Kila ukimaliza kubana, vuta waya mmoja mmoja kwa mkono.

Kwa hiyo azima mita ya insulesheni, hata kwa wikendi mbili. Pima kazi zako tatu za zamani kama wenye nyumba watakuruhusu, na uandike namba. Namba hizo zianze daftari lako la ushahidi. Kazi kumi zinatosha. Kwa kila moja andika tarehe, mtaa, idadi ya soketi na taa, mchoro wa mkono wa bodi, na vipimo. Picha piga kabla ya plasta, paipu zikionekana, na nyingine bodi ikiwa wazi. Picha ya sebule iliyokamilika, kochi na televisheni, haisemi lolote kuhusu fundi. Barua ya mteja nayo isiseme “ana bidii na ni mwaminifu”. Hiyo ni ya kuombea kazi ya nyumbani. Iseme ulivuta nyumba ya vyumba vitatu, soketi 12, taa 9, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, na iwe na namba ya simu inayopokewa.

Daftari hilo hilo mpelekee mkandarasi hata kabla ya cheti. Siku hizi wengi wao hukupa bodi na saa mbili wakuone, kwa hiyo kwenye karatasi yako ya maombi futa “uzoefu wa miaka 11” uandike kazi zenyewe: ringi, swichi za njia mbili za ngazi, kufunga mota ya pampu. Ila fahamu kwamba cheti cha daraja si leseni. Kutia sahihi kazi kwa jina lako kunahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na hiyo ni hatua ya baadaye.

Umeuliza pia kama sola inafaa. Inafaa, lakini mwaka ujao, na ina leseni zake, T1 hadi T3. Kitu cha kwanza cha kujifunza ni DC: breka ya kawaida ya nyumbani usiiweke kwenye waya wa paneli. Umeme wa AC, ule wa nyumbani unaogeuza mwelekeo, hupita sifuri mara mia kwa sekunde na cheche hupata nafasi ya kufa. DC haipiti sifuri, cheche huendelea na breka huyeyuka.

Ukipata mita, nitumie picha ya bodi ya ile nyumba ya Lanet pamoja na vipimo vya ringi, waya zote tatu. Nitakuandikia maswali ambayo mpimaji angekuuliza juu yake.

Wasalimie watoto.

Wako,
Achieng