Tuandikieni pia habari za maua yanayokufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu makala za bustani ambazo gazeti hili huchapisha mara kwa mara. Zimeandikwa vizuri na picha zake hupendeza, lakini karibu zote zinahusu maua yaliyokwisha kuchanua. Msomaji huoneshwa okidi yenye vishada viwili, au waridi la jangwani lenye shina lililovimba kama chupa, kisha huambiwa aupe mmea wake mwanga wa kutosha na maji ya kiasi. Sisi tunaopanda maua nyumbani tunajua kwamba neno hilo "kiasi" limetuulia mimea mingi kuliko wadudu na magonjwa yakijumlishwa. Ombi langu ni kwamba waandishi wako, na hasa wasomaji wenye bustani, watueleze pia mimea iliyowafia: ilianza kuonesha dalili gani, wao walifanya nini, na waliona nini walipoing'oa.

Nianze na yangu. Okidi yangu ya kwanza, ya jamii ya Phalaenopsis, niliipanda kwenye udongo mweusi wenye samadi, nikaushindilia kwa vidole kama nilivyozoea kufanya kwa miche mingine yote, nikawa naimwagilia kila asubuhi. Baada ya wiki chache majani ya chini yakalegea na kukunjamana, nami nikadhani ina kiu, nikaongeza maji. Nilipokuja kuitoa chunguni, mizizi ilikuwa imegeuka kahawia na kuteleza. Nikiushika mmoja na kuuvuta taratibu, ganda linavuka lote na kuniachia uzi mwembamba mkononi. Mzizi mmoja tu ulikuwa mzima, nao ni ule uliokuwa umechomoza nje ya chungu ukaning'inia hewani.

Mzizi huo ndio ulionifumbua macho. Okidi nyingi za jamii hiyo, huko kwao Asia, huota juu ya magome ya miti wala si ardhini, na mizizi yake imevikwa tabaka linalofyonza maji kama sponji na kukauka upesi. Tabaka hilo likiwa kavu huwa na weupe wa kijivu kama fedha, na likilowa hugeuka chanikiwiti papo hapo, ukitazama. Mwenye kuijua dalili hiyo hahitaji ratiba ya kumwagilia, kwa kuwa chungu cha plastiki kinachopenya mwanga kitamwonesha kila kitu. Okidi yangu ya pili ipo kwenye vipande vya magome makavu, na imeshachanua mara tatu. Katika makala zote nilizosoma kabla ya hapo, hakuna hata moja iliyonitajia rangi ya mizizi.

Mmea unaonasa wadudu nao niliuua, safari hii kwa ukarimu. Mmea huo, Dionaea, asili yake ni maeneo yenye majimaji ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani, ambako udongo ni fukara mno, na ndiyo maana ukajifunza kula nzi na buibui. Mimi niliutilia mbolea. Niliumwagilia pia maji ya bomba, ambayo chumvi zake hujikusanya chunguni na kuchoma mizizi, badala ya kuukingia ya mvua. Juu ya hayo yote, kila mgeni aliyefika alitaka kuuona ukifumba. Ndani ya kila mtego mna vinywele vichache. Kimoja kikiguswa mara mbili, au viwili vikiguswa kwa kufuatana ndani ya sekunde 20 hivi, mtego hufumba. Kila mtego una idadi ndogo tu ya kufumba kabla haujachoka na kuwa mweusi, na kufumba bure ni hasara tupu kwa mmea. Wageni wangu waliumaliza kwa ncha ya kalamu.

Jambo la pili linalotutesa ni majina. Nimeuziwa mimea miwili tofauti kabisa kwa jina moja la "ua la bahati". Mmoja ulikuwa dracaena ya aina inayoweza kukaa miezi mingi ikiwa imesimama ndani ya chupa ya maji. Wa pili ulikuwa Zamioculcas, mmea wa Afrika Mashariki na Kusini ambao huhifadhi maji katika viazi vyake vilivyo chini ya udongo, na ambao huoza ukikaa kwenye unyevu. Muuzaji alinipa maelekezo ya ule mmea wa kwanza kwa mimea yote miwili. Sina hakika kama hata yeye alijua tofauti, na simlaumu sana, kwani naye aliipokea hivyo hivyo. Lakini gazeti likichapisha habari ya mmea, basi na lichapishe na jina lake la kitaalamu hata kama linaukwaza ulimi, kwa sababu jina hilo ndilo linalomfikisha msomaji kwenye maelekezo yanayouhusu mmea wake na si wa jirani.

Jina sahihi hukinga pia afya. Majani mapana yenye madoa meupe ya Dieffenbachia hupamba vyumba vingi, ilhali ndani yake mna chembe za oksaleti ya kalisi zenye ncha kama sindano, na mtoto akitafuna jani hilo huvimba mdomo na ulimi. Picha nzuri isiyo na onyo hilo ni nusu ya habari.

Kuna na suala la mimea inayotoroka. Gugu maji, ambalo leo wavuvi wa Ziwa Viktoria wanalijua kwa adha yake, ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa kuwa watu walipenda ua lake la zambarau katika madimbwi ya bustani. Sisemi tuache kupanda mimea ya ajabu. Nasema tu kwamba anayesifu mmea unaozaana kwa kasi aseme pia namna ya kuutupa unapozidi, na kwamba mtoni au bondeni si mahali pa kuutupa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, napendekeza utenge hata robo ya ukurasa kwa ajili ya taarifa fupi za wakulima wa maua wa nyumbani. Mwandishi ataje jina la mmea, aina ya chungu na udongo, dirisha au kivuli ulipokaa, mara ngapi aliumwagilia, na mwisho wake. Asiyefanikiwa asione haya.

Ikiwa pendekezo hili litakubaliwa, taarifa ya kwanza ninayo. Waridi langu la jangwani liliingiwa na maji ya mvua wakati sipo, shina likaoza upande mmoja likawa linabonyea kwa kidole. Nimelikata kwa kisu kilichopitishwa motoni hadi nilipofikia nyama nyeupe isiyo na doa, nikalipaka majivu kwenye jeraha, na sasa limelazwa kivulini bila udongo kwa siku ya kumi na moja. Jana jeraha lilikuwa kavu, na jani moja kati ya manne yaliyobaki lilikuwa limeanguka.

Wako,
Msomaji na mkulima wa maua