Paa la Ukumbi Wetu Linavuja: Wito wa Harambee kwa Wapenzi wa Taarab

Assalaam alaykum, ndugu zetu wa Unguja na mlio ng'ambo ya bahari,

Juzi kijana mmoja, mzaliwa wa Mji Mkongwe, alisimama mlangoni petu akauliza ghala hili ni la nani. Ndani fidla zilikuwa zinapatanishwa. Hatukumlaumu. Kichochoro chetu hakipitishi hata vespa, mlango hauna kibao, na anayetufikia mara nyingi huwa amepotea njia, akafuata sauti. Akavua viatu, akaingia, akakaa mpaka Isha.

Alichokikuta ndicho tunachokiandikia, na tunaona haya. Kanuni yetu, ile ala ya nyuzi, ilikuwa imefunikwa nailoni, kando yake ndoo mbili zinakinga maji. Chombo hiki kina nyuzi zaidi ya sabini, zimeegemea daraja lililokalia ngozi. Ngozi ikipata unyevu hulegea. Mpigaji atakaza nyuzi mpaka achoke, na wimbo wa pili sauti imeshashuka. Masika iliyopita tulifanya mazoezi bila ya kanuni. Taarab bila ya kanuni! Wazee walinyamaza tu.

Kosa ni letu pia. Mlipotuchangia mara ya mwisho (na mlitoa, Mungu awalipe), tulinunua saruji tukapiga lipu ukuta mzima. Ukapendeza. Kumbe ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Saruji ikauziba, maji yakabaki ndani, na vichwa vya boriti vikaoza humo humo ukutani. Leo fundi akichomeka bisibisi, inazama. Beit-el-Ajaib ilivyoporomoka Disemba 2020 sote tuliona, na lile lilikuwa jumba la Sultani.

Safari hii ni chokaa, boriti mpya na bati, kwa fundi anayezijua nyumba za kale, na kwa kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Makadirio yamebandikwa mlangoni. Kila mchango una risiti, na mshika fedha atasoma hesabu hadharani.

Vikundi vya taarab tunavyovifuata ni vikongwe: Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture tangu 1958. Sisi ni wadogo zao, hatuna jina kubwa la kuombea. Tuna nyinyi. Hakuna harusi tuliyopiga ambayo hamkuinuka na noti mkononi, mkayumba polepole hadi mbele, mkamtuza mwimbaji kwa ubeti uliowagusa (au uliomlenga jirani, tunajua). Sasa lituzeni paa. Na nyinyi mnaoturikodi kwa simu mkaturusha hadi Maskati na Toronto, hata elfu mbili mbili tunapokea. Mlio mbali, wapeni jamaa zenu walioko mjini watuletee.

Harambee ni Jumamosi hii baada ya Isha, hapo hapo ukumbini. Mkifika Jaws Corner waulizeni wanywa kahawa, wao wanatujua. Viti vya nyuma vimelowa, basi wahini.