Njoo Mida Maji Yakijaa

Gede, Oktoba

Shoga yangu,

Hujambo na baridi ya huko Nairobi? Sisi hatujambo, na mama anakuulizia kila tukikaa kula. Ujumbe wako nimeupata. Nimefurahi mno kusikia umenunua darubini, tena ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Wasikushawishi kwamba ya kukuza mara 10 ingekufaa zaidi. Mkono wa anayeanza hutetemeka, na darubini ikikuza ndege hukuza na mtetemeko.

Ila umesema Jumamosi hii wataka kwenda mbugani moja kwa moja. Ngoja kidogo, shoga. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Ukiwaendea wote kwa mkupuo utarudi shingo inakuuma na hujamjua hata mmoja. Kaa kwanza wiki mbili na chozi wanaokuja kwenye mishubiri yako. Mwandame yule dume mwenye tumbo la manjano na mgongo unaomeremeta. Kisha tazama kijindege cha rangi ya vumbi kinachofuatana naye. Utadhani ni aina nyingine, kumbe ni jike wake. Ukishaligundua hilo mwenyewe, kitabu kitaanza kusomeka.

Na usimtafute ndege kwa darubini. Mkazie macho kwanza, usimwachilie, ndipo uinue darubini mpaka ikutane na macho yako. Mimi jambo hili dogo lilinichukua miezi, kwa kuwa hakuna aliyenionyesha. Ndiyo maana nakwambia, ukipata Jumatano yenye nafasi, nenda asubuhi Makumbusho ya Taifa. Nature Kenya, chama cha wapenzi wa mazingira, wana matembezi yao ya ndege pale, yapo tangu miaka ya 1970. Asubuhi moja na mtu anayewajua ndege kwa sauti itakufaa kuliko mwezi wa kuhangaika peke yako.

Sasa nikwambie la Mida, hori letu la bahari lenye mikoko hapa karibu na Gede. Mara yangu ya kwanza nilikwenda maji yamekupwa kabisa. Nilisimama juani, mbele yangu tope tupu, ndege ni vidoadoa huko mbali. Nilirudi nyumbani karibu nilie. Njiani mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Mwanangu, rudi maji yakianza kujaa. Hutawafuata, watakufuata."

Juzi nimekaa ukingoni mwa mikoko tangu saa tisa, kimya. Maji yakapanda, na kila yakipanda ndege wakasogezwa kwangu. Walitangulia vitwitwi, wengine wao wamezaliwa Siberia. Wakaja sululu na midomo yao iliyopinda. Mwisho wakaja wale ndege wanaokula kaa, weupe pepe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene kama jambia. Mmoja alipiga hatua tatu za mbio, akasimama, akadunga tope. Akainua kaa, akamtikisa mpaka miguu ikapukutika. Nyuma yake kulikuwa na kinda la kijivu, kubwa karibu kama yeye, likimlilia kwa mluzi mwembamba. Akampa.

Shoga, ndege hawa huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba na Somalia. Huchimba shimo mchangani, jike akataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga likasaidia kulilea. Kinda lile limevuka bahari yote ile na bado linalishwa na mzazi wake hapa Mida. Nilishusha darubini nikafuta macho.

Basi njoo Desemba, watakuwapo bado. Nitaangalia kalenda ya maji tuchague siku za bamvua, maji yanapojaa sana. Asubuhi tutaingia msitu wa Arabuko-Sokoke na mwongozaji wa hapa kijijini. Kuna kibundi mdogo mle, mrefu wa shibiri tu, asiyepatikana kwingine duniani isipokuwa misitu michache ya pwani yetu na Usambara kule Tanzania. Wenyeji wanajua vichaka anamolala mchana. Sharti langu ni moja: hatutamwita kwa sauti ya kurekodiwa kwenye simu. Nimeshaona mtu akirudia kuicheza, na ndege akihangaika tawi hadi tawi akimtafuta adui ambaye hayupo. Tukimkosa, tumemkosa.

Lete daftari dogo, nguo za rangi iliyofifia, na viatu usivyovionea huruma, maana tope la Mida halitoki.

Wasalimie wote nyumbani.

Shogayo